Kitambaa Kilichoogopwa Kukunjuliwa

Kitambaa hakisemi, mkasi ndio husema.

Mmeisikia methali hii asubuhi pale kisimani. Mwalimu wa madrasa aliwaambia hivyo wazee waliokuwa wakibishana kama pampu mpya ni nzima au mbovu, na katika wote hao hakuna hata mmoja aliyewahi kuiwasha. Mmekuja kuniuliza mimi maana yake badala ya kumuuliza yeye, kwa sababu yeye ana fimbo. Haya, kaeni. Shule niliiacha mapema, lakini hili nalijua, maana lilitokea hapa hapa Kwemkole. Methali nyingine zilitungwa na watu wenye akili. Hii ilitokana na watu waliochanganyikiwa, nayo ilianza hivi.

Palikuwa na ndugu wawili, baba mmoja, mama mmoja. Mkubwa aliitwa Shekoloa, mtu mrefu na mkavu kama mti wa kuangulia machungwa. Mdogo aliitwa Mhando, naye alikuwa mfupi, na tumbo lake lilitangulia kufika kila alipokwenda. Nyumba zao zilitazamana. Katikati ulisimama mfenesi uliopandwa na baba yao. Mzee yule alikufa bila kusema mti ni wa nani, na hapo ndipo alipowaachia kazi.

Siku moja Mhando alipata wageni. Akaangua fenesi kubwa, akawapasulia wageni wake, hakumpelekea kaka yake hata kipande. Shekoloa akatoka nje akasema, "Unaiba mchana?"

Mhando akajibu, "Naangua mti wa baba yangu."

"Na mimi mkubwa wako sikuhusika?"

"Wewe umehusika tangu tuzaliwe. Mimi tangu utoto napata kilichobaki kwako. Leo wewe pata kilichobaki kwangu." Akamwonyesha maganda.

Wakanuniana kuanzia siku hiyo.

Sasa mjue kwamba kununiana kwa watu wa hapa kuna sheria zake. Kitu kinaweza kupita kati ya nyumba na nyumba. Unaweza kupeleka chumvi, jembe, hata mboga. Neno halipiti. Anayebeba kitu hicho haruhusiwi kubeba salamu wala maelezo, na yule atakayetuma neno la kwanza ndiye aliyeshindwa. Kwa hiyo ndugu wale wakaishi wakitazamana mlango kwa mlango kama watu waliokatwa ndimi.

Ikatokea Mwantumu, binti wa Mhando, akaposwa, na siku ya harusi ikapangwa. Kwetu, wakati wa nikaha, baba wa bi harusi hukaa katikati, na kulia kwake hukaa kaka yake mkubwa. Kiti hicho kikikaa kitupu, watu hawasemi kwamba kaka alikuwa na shughuli. Husema ukoo umekatika, na binti hubeba maneno hayo hadi nyumbani kwa mumewe. Kila ugomvi atakaokuwa nao huko ataambiwa, "Wewe si ulitoka kwa watu wasiokaa pamoja?" Mwantumu alilijua hilo, na usingizi ulimpungukia. Naye siku ya fenesi alikuwa kwa shangazi yake. Hata kokwa hakuionja.

Jioni moja akavuka uwanja, amebeba kitu mikononi.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Nini hicho?"

"Baba amesema nikupe."

"Amesema nini?"

"Amesema nisiseme."

"Usiseme nini?"

"Hajaniambia, baba mkubwa."

Akamwekea mapajani, akaondoka. Kilikuwa kitambaa. Cheupe kabisa, laini, kimekunjwa vizuri na kufungwa kwa uzi. Shekoloa hakuwahi kupewa kitambaa kizuri namna ile maisha yake yote. Akakipapasa. Akashika ncha ya uzi ili akifungue.

"Usikikunjue!"

Aliyepiga kelele alikuwa jirani yake, Kiluwa, aliyekuwa amekaa barazani kwake akitazama kila kitu. Kiluwa alikuwa mwosha maiti wa kijiji. Mtu mwema, mwenye huruma, lakini kazi ilikuwa imemwingia mwilini. Ukimsalimia, alikutazama urefu kwanza, uso baadaye.

"Kwa nini nisikikunjue?" Shekoloa akauliza.

"Unakijua hicho ni nini?"

"Kitambaa."

"Cheupe."

"Nakiona, Kiluwa, sijawa kipofu."

"Hakijashonwa. Kimefungwa uzi. Kimetumwa na mtu mliyenuniana naye, bila neno. Bwana Shekoloa, mimi nimepokea vitambaa vya namna hiyo kuliko mtu yeyote hapa kijijini, na hakuna hata mmoja aliyevaa akarudi kunishukuru. Hiyo ni sanda."

Shekoloa akaondoa mkono kwenye uzi kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Maana kwetu, sanda ikiletwa huwekwa hivyo hivyo ilivyokunjwa. Watu wanaamini kwamba ukiikunjua ndani ya nyumba isiyo na maiti, itaanza kumtafuta wa kuivaa.

Mke wake, Bi Mwanjaa, akatoka jikoni na mwiko mkononi. "Sanda gani? Hicho ni kitambaa cha kanzu. Kishikeni muone. Nani anamnunulia maiti kitambaa cha bei hiyo?"

"Mtu anayemtaka maiti huyo haraka," Kiluwa akasema.

Kitambaa kikawekwa juu ya kabati, na amani ikatoka katika nyumba ile. Shekoloa akawa anapita chumbani kwa ubavu, akikitazama kwa jicho moja. Akila, analifikiria kabati. Akisali, analifikiria kabati.

Watu wakaanza kuja kutoa ushauri, kwa sababu ushauri ndio kitu pekee ambacho watu wa hapa hugawa bila kuombwa. Mmoja akasema, "Kipeleke msikitini kiwe mapazia." Mwingine akasema, "Shona foronya, ulalie uadui wake." Mwingine akasema, "Kirudishe." Bi Mwanjaa akamfukuza huyo wa mwisho, maana kurudisha zawadi ni kutangaza vita. Kisha akamgeukia mumewe.

"Baba Rukia, shona kanzu uende harusini. Kuna shida gani?"

"Na kama ni sanda? Nitakaa mbele za watu nimevaa sanda niliyotumiwa na mdogo wangu, wao wanacheka?"

"Na kama ni kanzu, ukakaa nyumbani?"

Kichwani mwake kitambaa kile kilikuwa kanzu asubuhi na sanda jioni. Kumuuliza Mhando hakuweza, kwa sababu kuuliza ni neno, na neno la kwanza ni kushindwa. Kukikunjua akipime hakuweza, kwa sababu ya lile aliloambiwa na Kiluwa. Akabaki katikati, na harusi inakuja.

Mwantumu akavuka uwanja tena.

"Baba mkubwa, bado hujashona?"

"Nishone nini?"

"Sijui. Baba ndiye anayesubiri."

"Anasubiri nini? Amekwambia?"

"Hasemi kitu. Kila nikitoka huku ananitazama mikono. Akiona mitupu, anaingia ndani anafunga mlango. Mama akimwambia akashone nguo yake ya harusi, anajibu, 'Kaka anajua.'"

"Kaka anajua nini?"

"Hilo ndilo nililokuja kukuuliza, baba mkubwa. Nilidhani unajua."

Kiluwa, ambaye alikuwa hajambo kabisa kwa masikio, akasema kutoka barazani kwake, "Anatazama mikono kama binti amebeba habari ya msiba."

Mwantumu hapo akalia. Alikaa chini kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa mtandio. "Mimi nimekosa nini? Fenesi lenyewe sikula. Nikitoka nyumbani kwetu kiti chako kiko kitupu, huko niendako nitawaambia nini watu? Niwaambie baba yangu mkubwa alishindwa na kitambaa?"

Maneno yale yalimuuma Shekoloa. Alitamani kumwambia, "Nitakuja, mwanangu," lakini hakujua kama atakuja. Akaingia ndani. Alipotoka alikuwa na kitambaa kwapani, na hasira usoni.

Akaenda moja kwa moja kwa Fundi Saguti, aliyekuwa na cherehani yake mbele ya duka la mafuta ya taa. Kiluwa akamfuata nyuma kwa mwendo wake wa mazishi.

"Fundi," Shekoloa akasema, "nishonee sanda."

Fundi Saguti akaacha kukanyaga cherehani. "Nani amefariki?"

"Hakuna. Ni yangu. Mdogo wangu amenitumia sanda, basi nitaivaa niende nayo harusini kwa binti yake. Nitakaa kulia kwake mbele ya watu wote, nimevaa alichonitakia. Tuone atatazama wapi."

"Mzee, sanda haishonwi. Sanda huchanwa ikafungwa. Kama unataka hiyo, fundi wako ni huyo hapo nyuma yako, na hana cherehani. Mtu akija kwangu kwa miguu yake, mimi namkatia nguo ya mtu hai."

"Basi kikunjue ukione mwenyewe. Kiluwa, geuka kama unaogopa."

Wakageuka wote wawili. Fundi akakata uzi, akakitandaza kitambaa mezani. Kikafika mwisho wa meza, kikateremka, kikaendelea. Akavuta, kikaendelea.

"Kirefu hiki," Fundi akasema.

Kiluwa akachungulia kwa kona ya jicho. "Mmeona? Sanda ya mwanamume ni vipande vitatu. Hiyo inatosha vipande vitatu kamili."

"Au ni kanzu na ziada," Fundi akasema.

"Ziada ya nini?"

"Mimi nitajuaje? Sikukinunua mimi."

Kwa hiyo mnaona, vijana wangu. Kitambaa kimekunjuliwa, kimetandazwa juani, watu watatu wazima wanakitazama, na bado hakuna anayejua ni nini. Ilikuwa kama kuuliza ukuta. Kiluwa anaona maiti, Fundi anaona nguo, na Shekoloa anaona vyote viwili kwa zamu.

Fundi akachoka. Nyuma yake kulikuwa na magauni ya harusi hiyo hiyo yakimsubiri. "Mzee, amua. Nikate au nikikunje urudi nacho kabatini?"

Shekoloa akasimama pale. Akamkumbuka Mwantumu alivyokaa kwenye kizingiti. Akasema, "Kata kanzu. Kama ni kufa, nitakufa nimevaa nguo iliyoshonwa."

Fundi akampima mabega, akampima mikono, akampima urefu hadi kwenye nyayo kama ilivyo kanzu ya mtu mzima. Akaweka alama za chaki. Kisha mkasi ukaingia kwenye kitambaa, na Kiluwa akasoma dua kidogo, kwa usalama.

Mkasi ulipomaliza, vipande vya Shekoloa vikawa upande huu wa meza, na upande ule kikabaki kipande kikubwa. Fundi akakipima kwa mkono.

"Mzee, hiki kilichobaki nikushonee nini?"

"Kinatosha nini?"

"Kinatosha kanzu nyingine. Lakini si ya mtu kama wewe. Ya mtu mfupi."

Shekoloa akakitazama kile kipande. Akavuta kiti cha Fundi, akakaa bila kukaribishwa.

Maana hapo ndipo alipokumbuka. Walipokuwa wadogo, kila Idd ilipokaribia, baba yao alinunua kitambaa kimoja tu kwa wana wote wawili. Kilipelekwa kwa fundi na Shekoloa, kwa kuwa ni mkubwa. Mkubwa hukatiwa kwanza, mdogo hushonewa kilichobaki. Na Mhando, mtoto mdogo mwenye tumbo, alikuwa akikaa mlangoni siku nzima akimsubiri kaka yake arudi kutoka kwa fundi. Alipomwona tu, kitu cha kwanza alichotazama kilikuwa mikono yake, aone kama kanzu ya pili ipo.

"Anatazama mikono," Shekoloa akasema.

"Nani?" Fundi akauliza.

"Mdogo wangu. Hana nguo ya harusi ya binti yake. Amekaa mlangoni ananisubiri. Na mimi nimeiweka juu ya kabati naiogopa!"

Akacheka, akafuta macho, akacheka tena. Kiluwa akakuna kichwa. "Kwa hiyo nilikosea."

"Hukukosea, Kiluwa. Umezoea."

"Haya, nishone ya pili?" Fundi akauliza. "Vipimo vyake viko wapi? Nimwite?"

"Usimwite. Nitakupa mimi." Shekoloa akasimama, akaweka kiganja begani mwake mwenyewe. "Kichwa chake kinafika hapa. Mikono yake inaishia hapa. Tumbo, sasa, tumbo sijui. Tangu fenesi lile sijalitazama kwa karibu. Lakini halipungui, hilo nakuhakikishia."

Fundi akatandaza tena kipande kilichobaki, akapiga hesabu zake kwa chaki, akatikisa kichwa. "Urefu unatosha. Tumboni haifiki. Kutabana."

"Ndivyo ilivyokuwa kila Idd," Shekoloa akasema. "Kila Idd alikuwa akisherehekea amezuia pumzi." Kisha akaelekeza kidole kwenye vipande vyake mwenyewe, vilivyokwisha kukatwa. "Kata hapa chini kwangu. Chukua unachotaka, umwongezee ubavuni huku na huku."

"Mzee, yako itakuwa fupi. Itaonyesha miguu."

"Miguu yangu ina aibu gani? Kata."

Na mkasi ukakata mara ya pili.

Siku ya harusi, watu walikuwa wamejaa uwanjani, sufuria za pilau zimefunikwa, na mashehe wamekwisha kukaa. Baba wa bi harusi hakuonekana. Mhando alikuwa amejifungia chumbani na fulana yake. Mkewe alimbembeleza, mashangazi walimgongea, akawajibu kwamba hana nguo na hatoki. Mwantumu, amepambwa tayari, ndiye aliyemwona baba yake mkubwa akivuka uwanja, kanzu moja mwilini na nyingine mkononi. Hakungoja kuulizwa. Akakimbia na hina yake akaupiga mlango. "Baba, fungua! Fungua utazame mikono!"

Mhando akafungua. Akatazama mikono ya kaka yake. Shekoloa akamnyooshea kanzu, hakusema kitu. Mhando akaipokea, naye hakusema kitu, maana sheria ilikuwa bado ipo na wote wawili walikuwa wabishi. Akaivaa pale pale, akazuia pumzi kama alivyozoea. Kanzu ikateremka kichwani, ikapita mabegani, ikapita tumboni, ikafika chini.

Akaachia pumzi polepole. Haikubana. Akashangaa. Akajipapasa ubavuni, vidole vikakutana na mshono, kisha upande wa pili, mshono mwingine. Akaufuata mshono huo kwa kidole juu mpaka chini. Halafu akamtazama kaka yake kuanzia kichwani, akateremsha macho mpaka yakafika miguuni, na pale akaiona kanzu imeishia karibu na magoti na ndala mpya zote ziko nje.

"Kaka," akasema, "yako fupi."

"Leo nimevaa kilichobaki," Shekoloa akasema.

Mhando akamshika mkono wakatoka hivyo hivyo. Watu walimcheka sana Shekoloa na kanzu yake ya kuvukia mto, naye akacheka nao, na kiti cha kulia kikapata mwenyewe. Nani alisema neno la kwanza, nani alishindwa, hakuna aliyeuliza. Mwantumu aliondoka hapa ameshikwa mikono miwili na baba zake wawili, huku na huku. Mfenesi nao uliendelea kugombaniwa, lakini kwa maneno, kama watu.

Baadaye Mhando alimuuliza, "Kwa nini ulichelewa? Hukukijua kitambaa cha ndugu?"

"Kiluwa aliniambia ni sanda."

"Na wewe ukakubali? Ungekikunjua ukaona."

"Nilikikunjua. Hakikusema kitu. Mpaka kilipokatwa." Hapo ndipo Shekoloa aliposema maneno haya kwa mara ya kwanza, na Fundi Saguti akayachukua, akawa anamwambia kila mteja anayemchelewesha, na kutoka kwake yakaenea.

Kwa hiyo ukimwona mtu amepewa kitu akakizunguka, huyu anamwambia ni kheri, yule anamwambia ni shari, na yeye anasikiliza wote na mkono hausogei, mwambie. Hatajua alichopewa kwa kukitazama. Ajaribu, akate, aone kinachobaki na ni cha nani.

Sasa ondokeni hapa. Pitieni kisimani, muwaambie wale wazee waache kuibishania pampu, waiwashe. Kitambaa hakisemi, mkasi ndio husema.